Kichinjio Nilichojenga kwa Mdomo

Niliacha shule fomu ya pili, katikati ya muhula, na Kiingereza changu kikabaki hapo hapo darasani. Lakini Kakuma, mtu akiwa na nusu Kiingereza, Kiswahili ya kutosha na Kiturkana ya mama yake, hakosi kazi ya kutafsiri. Ndiyo maana kampuni ya kichinjio ilipokuja kuuza hisa na dairekta wake akauliza nani anajua kuongea, watu wote walinionyesha kwa kidole. Nikajiona waziri.

Hisa zilinunuliwa kwa mbuzi. Malori yaliondoka na mbuzi, kichinjio hakikuja. Mama mkwe wangu alitoa nusu ya zizi lake, na tangu hapo akija kwetu hagusi hata maji yangu. Anasalimia binti yake, bibi yangu, ejok, watoto, ejok, hata mbwa anapata ejok yake. Mimi ananipita kama nguzo ya stima, na stima yenyewe haijafika kwetu.

Kwa hivyo dairekta aliposhtakiwa, hukumu yake niliingojea kama mvua. Koti ya Lodwar ilikuwa imeshampata dairekta na hatia, imebaki tu siku ya kumsomea kifungo. Nikamtuma bibi yangu ambembeleze mama yake aje asikie kwa masikio yake mwizi ni nani. Mama akakubali. Tukapanda probox, yeye mbele, mimi nyuma na gunia la samaki kavu. Mpaka Lodwar aliongea na dereva tu.

Tukafika, tukapanga laini, karani akatoka nje. Akasema dairekta amekufa juzi hospitalini. Presha. Hakuna kifungo tena.

"Mtu akikufa, kesi inakufa na yeye," akasema, akarudi ndani kwa feni yake.

Yaani! Miaka yote hiyo mtu anaahirisha kesi, leo mgongo, kesho wakili hayuko, halafu kufa ndiyo anafanya haraka!

Kelele ikaanza. Mwenye duka la misumari, mtu wa kutoka Kenya, vile huku tunaita watu wa huko chini, akasema, "Mimi siamini mpaka nione maiti. Na nimfinye."

"Buda amefake kifo," kijana mmoja akasema, macho kwa simu. "Saa hii ako Eliye Springs anakula samaki."

Mtu akauliza nauli ya Eliye ni ngapi, na hakuwa anacheka.

Katekista akainua mkono. "Wapendwa, marehemu hasemwi vibaya."

"Basi tumseme nini, katekista?" mama mmoja akamjibu. "Kwamba alikula vizuri?"

Mimi nilikuwa nimechoka mpaka kwa kucha. Hasira yangu haikuwa ya mbuzi. Nilitaka tu jaji amtaje mwizi mbele ya mama mkwe, niende nyumbani nikiwa mtu. Sasa yeye akanigeukia, mara ya kwanza tangu malori yaondoke.

"Mkwe wangu, nani amekufa?"

"Dairekta, mama. Yule mwizi."

"Huyo sikuwahi kumsikia. Alisema maneno machache, wewe ukaongea mpaka chai ikapoa. Mdomo niliosikia ni huu." Akaunyooshea fimbo. "Na huu haujakufa."

Mama hakukosea. Siku ile dairekta alisema, "Tunatarajia kuanza kujenga, mambo yakienda sawa." Hiyo tu. Mimi nikatafsiri: kichinjio kimesimama Lokichar, nimekiona kwa macho yangu, mabati yanang'aa mpaka ng'ombe wanafumba macho. Lokichar yenyewe nilikuwa nimepita mara moja, nikiwa nimelala. Lakini watu walikuwa wanacheka, na watu wakicheka mimi sina breki. Kotini hakuna mtu aliniuliza hiyo maneno, na mimi sikujitolea.

Ndani ya probox, tukirudi, nilimwambia yote. Dereva akazima redio ili asikie vizuri.

"Usiniambie mimi peke yangu," mama akasema. "Waambie."

Jumapili, baada ya kanisa, nikawaambia. Hakuna utani, nilishika kofia mkononi. Nilitegemea mawe. Mama mmoja mzee akatema tumbaku.

"Tulijua unaongeza chumvi," akasema. "Hatukujua nyama haiko."

Wakaenda nyumbani. Hakuna aliyenitukana, na hakuna aliyenisamehe pia. Afadhali wangenitukana.

Juzi akaja afisa wa mifugo. Akatafuta mtu wa kutafsiri, watu wakaangaliana, mwisho nikasimama mimi. Akasema chanjo ya mbuzi ni kesho asubuhi, hapa, bure. Nikasema chanjo ya mbuzi ni kesho asubuhi, hapa, bure. Nikafunga mdomo. Ulikuwa unaniwasha.

"Hiyo tu?" mtu akauliza.

"Hiyo tu."

Asubuhi mama mkwe akawa wa kwanza kufika. Alikuja na mbuzi mmoja, yule wa pembe moja anayekula nguo za watu. Wengine wote aliwaacha zizini.

"Ejok," akaniambia. "Mwambie aanze na huyu. Akiamka kesho, nitaleta wengine."