Nyumba Isiyo na Harufu

Niliambiwa, na nikaamini kwa moyo wote, kwamba kile kidude cheupe cha duara kinachobanwa kwenye dari la kila nyumba Landani kina pua. Si pua ya moshi tu. Ni pua ya mapishi. Ukikaanga kitunguu na binzari kwenye nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, kidude kinanusa, na habari inafika ofisini kabla kitunguu hakijabadilika rangi. Mara ya kwanza wanakuvumilia. Mara ya pili wanamtuma mtu aje kuchungulia. Mara ya tatu vyombo vyako vinatolewa nje. Na ukijifanya mjanja ukakifunika kwa mfuko wa plastiki, kule kufunika kunahesabiwa mara mbili.

Aliyenipa elimu hii ni Mkongomani wa Bukavu niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Thornton Heath nilipofika, mfanya usafi wa maofisi, mtu mpole anayesali hata kabla ya kunywa maji. Mtu wa namna hiyo hadanganyi. Alinionyesha kitaa chekundu kinachokonyeza pale darini. "Unaona, ndugu yangu? Ile iko inanusa."

Mtasema, huyu si alisoma? Nilisoma. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, Morogoro. Mchana nilibeba magunia sokoni, jioni nikabeba vitabu, na fizikia niliijua kuliko mwalimu, ambaye naye alikuwa anasinzia. Ni fizikia hiyohiyo iliyoniponza. Nilijitengenezea maelezo kamili ya jinsi chembechembe za kitunguu zinavyopanda, zinavyogonga mtambo, na mtambo unavyotoa mawimbi. Asiyesoma angeuliza tu nani kasema.

Kwa hiyo nilipopata flati yangu ya kaunsili Hounslow, chumba kimoja na jiko lililojikunyata pembeni, niliishi humo kama mtu anayejificha. Nilikula mkate. Nilikula maharage ya kopo bila kuyapasha moto. Nilikula mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, na kuku wa kuchemsha ambaye nadhani alijuta kufa. Na kazi yangu, tafadhali, ni kupanga trei za chakula cha abiria karibu na uwanja wa ndege. Mchana kutwa milo ya dunia nzima inapita mikononi mwangu na kupanda angani. Halafu narudi nyumbani, nafungua mlango, navuta pumzi: hakuna kitu. Nyumba za watu ukifungua tu mlango zinakwambia nani yumo. Yangu ilikuwa haisemi.

Kiti nilikuwa nacho kimoja. Dukani walikuwa wanauza kimoja kimoja, nikasema cha pili nitakirudia siku nikipata mgeni. Duka lile likageuka saluni, saluni ikageuka duka la simu, na mimi bado na kiti changu kimoja.

Siku moja nilikuwa napanda ngazi huku nazungumza na dada yangu kwenye simu. Nilikuwa namdanganya, namwambia huku pilau nakula mpaka nalikimbia. Sauti ikasema nyuma yangu, kwa Kiswahili:

"Pilau gani? Wewe hapana pika kitu."

Nikageuka. Alikuwa mama wa Kipunjabi, mfupi, mtandio mweupe kichwani, koti zito la baridi limeachwa wazi mbele, mfuko wa mboga mkononi. Nilikata simu hata dada sijamuaga.

"Shikamoo, mama." Mdomo ulimwona mtu mzima ukatangulia wenyewe.

"Hiyo ya Tanganyika," akasema. "Sisi Nakuru, jambo basi. Mimi nakaa juu yako. Nasikia maji yako, nasikia redio yako, harufu yako hapana sikia. Mtu gani anakaa nyumba bila harufu?"

"Nachemsha, mama."

"Nachemsha," alirudia, kama anayetaja ugonjwa.

Kuanzia hapo nikawa mbeba mifuko wake. Baba yake alikuwa fundi wa reli Nakuru, na Kiswahili mama alikuja nacho hivyohivyo, cha dukani na cha jikoni, akakaa nacho bila mtu wa kukisema naye. Mumewe alishafariki. Watoto wake anawasemesha Kipunjabi, wanamjibu Kiingereza. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi hata kifungo cha koti havifungi. Na jikoni kwake niliona kitu ambacho sijawahi kukiona: jiko la gesi halina vishikio vya kuwashia. Aliwahi kusahau dengu motoni, basi mwanawe wa Wolverhampton akavichomoa vyote, akaondoka navyo. Akamwachia maikrowevu na chakula cha boksi.

Nilimwonea huruma nikaamua kumpikia. Chapati haina binzari, nikaona sheria haiihusu. Nikakanda unga kwa mafuta, nikasukuma, nikakunja kama konokono, nikasukuma tena, nikakaanga kwa moto mdogo dirisha likiwa wazi. Nikazipanga kwenye hotipoti, nikafunika, nikapanda nazo ngazi kwa maringo ya bwana harusi. Kwetu hiyo ndiyo heshima: chapati zimerundikana, zimelainishana, mgeni anafunua mwenyewe.

Alichana moja, akatafuna taratibu.

"Nzuri," akasema. "Hii ya treni."

"Ya treni?"

"Ya safari. Watu ya reli nabeba, siku mbili hapana haribika. Mchana nyumbani, hapana hii. Nyumbani ni phulka. Unga na maji, mafuta hapana. Chuma kidogo, halafu moto wenyewe, inajaa hewa. Papo hapo inakuja kwa sahani, mvuke bado ndani. Mtu moja nakaa, mtu moja nasimama jikoni. Moja nakula, nyingine inakuja."

"Na anayepika anakula saa ngapi?"

"Mwisho. Mama yangu nakula mwisho, mimi nasimama, nampikia yeye."

"Na mtu akiwa peke yake?"

"Peke yake, nani napika phulka?"

Nilirudi chini nikajaribu. Jamani, nilikimbia. Roti, ndiyo hiyo phulka, chumani, roti kwenye sahani, mbio mezani, nakaa, namega, natafuna nusu, nakumbuka ya pili inaungua, mbio jikoni. Meza na jiko ni hatua chache, lakini kwa mbio zile ningekwenda Nakuru na kurudi. Na zote zilitoka bapa kama soli, kwa sababu hatua ile ya mwisho, ya kuiweka juu ya moto mtupu, sikuithubutu. Nilitazama juu, kitaa kikakonyeza, nikazima gesi. Nikakaa kwenye kiti changu nikala roti iliyopoa. Kweli, hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama jikoni na kukaa mezani. Nilikuwa nimeishi hivyo siku zote bila kugundua kwamba kuna mtu anapungua.

Majira ya baridi yalipokuwa yanaisha aliniambia kwamba mwanawe anakuja kumchukua wakakae pamoja moja kwa moja. Huko mkwe ananunua roti za friza. Hakulalamika. Alisema tu, akiliangalia lile jiko lisilo na vishikio:

"Kabla mimi nakwenda, nataka kula mchana moja. Ya kwetu. Mimi nakaa, mtu nasimama."

Nikasema nitapika mimi, kwangu, Jumamosi. Mdomo tena.

Nilipofika chini ndipo nilipopiga hesabu. Alitaka maharage mekundu, yale wanayoyaita rajma. Alitaka koliflawa na viazi. Alitaka wali wa binzari nyembamba. Kila kimoja kinaanzia kwenye mafuta ya moto na viungo, yaani mara tatu zote ndani ya asubuhi moja. Sikuwa na kwingine pa kulala katika nchi hii. Yule Mkongomani alishahamia kaskazini, na kazini najulikana kwa namba ya kabati. Ningeweza kupanda ngazi nikamwambia mama nimepewa shifti. Ningeweza. Badala yake nililoweka maharage. Usiku nikatoa sanduku chini ya kitanda, nikapanga nguo zangu zote, halikujaa hata robo, nikaliweka karibu na mlango. Wakija, wasinikute napekuapekua soksi.

Siku hizi juu yangu anakaa mtu mwingine. Namjua kwa viatu tu. Lakini Jumamosi ile, nikikaa vibaya nikaiwaza, hata sasa naisikia puani.

Alishuka asubuhi, akakalia kiti, akaliona sanduku.

"Wewe nasafiri?"

"Huenda, mama."

Akaanza kuamrisha. Ilikuwa kama kupikishwa na jemadari. Kitunguu kikate kidogo, kidogo zaidi, hiyo ni ya kulisha ng'ombe. Samli ipate moto kwanza. Binzari nyembamba ilipoingia kwenye samli ilipasuka kwa kelele na harufu ikanyanyuka ikajaa chumba kizima, ikaingia kwenye mapazia, kwenye kitanda, kwenye nywele. Nilitazama juu. Moja, nikahesabu moyoni. Kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya, manjano. Maharage yalishaiva, akaniambia niyaponde machache ubavuni mwa sufuria ili mchuzi ushikane. Nikauliza kama tutie tui la nazi kidogo.

"Tui," akasema. Nilijua nimemtukania baba yake fundi wa reli.

Koliflawa ikaingia na viazi. Nikachukua kikombe cha maji. "Acha. Hiyo ina maji yake. Funika, ngoja." Mbili. Wali ukafuata. Tatu. Kidude kilikonyeza vilevile, kimya, na mimi nikajiambia wanahesabu taratibu, ni wikendi.

Kisha phulka. Nilisukuma ya kwanza, nikaitandika juu ya chuma, nikageuza.

"Sasa moto," akasema.

Nilisita. Yeye alikuwa ameshajiweka sawa mezani, mtandio ameuvuta vizuri, mkono wa kulia umeoshwa, anangoja kama mtu anayesubiri gari lake. Nikatoa chuma, nikaikamata roti kwa koleo, nikailaza juu ya moto mtupu. Ilitulia. Halafu ikavimba yote, ikawa mpira, naapa ingeruka kama ningeiachia. Niliikimbiza mezani. Aliichana na mvuke ukampiga usoni. Vidole vile vilivyoshindwa na kifungo cha koti vilimega roti kwa mkono mmoja, vikachota maharage, havikudondosha hata tone.

"Ingine," akasema.

Nikaleta ingine. Nikaleta na ingine. Nilisimama pale nikiwa nimempa mgongo, nasikia anatafuna, nasikia kijiko kinagusa bakuli, na sikutaka unga uishe.

Alipotosheka alinyanyuka akishikilia meza. "Sasa wewe kaa."

"Mama, mikono yako."

"Kaa. Mama yangu hapana kula kusimama."

Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, kilikuwa na joto la mtu. Nyuma yangu nikasikia koleo linagonga jiko. Sijui niwaelezeje kelele ile. Nilikula maharage na koliflawa nikiangalia ukuta, na mtu yuko jikoni.

Roti ya kwanza ilinifikia imejaa hewa. Ya pili koleo lilimponyoka. Roti ilikunjamana juu ya moto, ikashika, moshi mweusi ukapanda moja kwa moja hadi darini, na kidude kikalia. Kililia kama kinachinjwa. Niliruka nikazima gesi, nikafungua dirisha, nikachukua koti, nikashika sanduku.

"Mama, panda juu kwako upesi. Wasikukute humu."

"Nani?" Alikuwa anakipepea kidude kwa mtandio wake, amejinyoosha kwa vidole vya miguu, kichwa wazi.

"Kaunsili. Kimeshapeleka habari. Mapishi matatu na huo moshi. Wakija nitasema nilikuwa peke yangu."

Kidude kikanyamaza. Aliushusha mtandio, akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akaliangalia sanduku tena.

"Nani nakwambia hii?"

Nikamweleza yote. Pua, ofisi, mara tatu, vyombo nje. Hakucheka. Aliurudisha mtandio kichwani, akaokota koleo, akasema kama anavyosema bei ya mboga:

"Hii iko na betri tu. Waya hapana, ofisi hapana. Yangu betri naisha, nalia kila dakika kutoka Diwali mpaka Krismasi. Mtu hapana kuja."