Aling'oa kishungi cha paa langu nikiwa hai, leo ananiita niking'oe chake

Admin, jina langu lifiche. Na wale wenye mazoea ya kuandika "samehe tu mzee" naomba wakae pembeni kwanza, wasome mpaka mwisho. Nina miaka sitini na saba, ni mkimbizi tangu utotoni, naishi hapa Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nalima maharage. Maharage sikuyachagua. Mimi ni fundi wa kuezeka nyasi.

Miaka ya themanini, watu walipofukuzwa kwenye mashamba huko nje wakamiminika kambini, kila mtu alihitaji paa. Mimi na rafiki yangu, nitamwita Deo, tukaanzisha kazi ya kuezeka na kuziba mapaa yanayovuja. Mimi nilikata nyasi, nikazichana mpaka zibaki zile ngumu tu, nikazifunga kuanzia chini kwenye ukingo kupanda juu. Kazi ya Deo ilikuwa mdomo. Alizunguka Base Camp, makao makuu ya kambi yetu, akitafuta wateja, na sikatai, aliwapata.

Kwa wasiojua mila yetu: juu kabisa ya nyumba ya nyasi fundi hufunga kishungi, fungu la nyasi lililosimama wima. Kile kishungi ndiye mwenye nyumba. Akifa, kabla ya kuzikwa, mtu wake wa karibu hupanda akaking'oa, na hapo ndipo msiba unajulikana na roho yake huweza kuondoka. Kikishang'olewa hakirudishwi.

Sasa, mke wa askari mmoja wa Makenke, kule Mbarara, alikuwa akiuza chakula nje ya kambi ya jeshi, akataka banda la nyasi. Tukaenda wote wawili. Yule mama alituangalia tukifanya kazi, kisha akamwambia Deo mbele yangu, "Wewe unaongea sana, mkono yako haifanyi kitu. Mimi nataka huyu mrefu. Rafiki yangu wote iko na nyumba inavuja, huyu ndio atatengeneza." Deo akacheka. Akasema anarudi Nakivale kuleta nyasi zaidi, na nyasi zile sikuziona mpaka leo. Wakati huo kulikuwa na vita, barabara zikafungwa, nami nikakwama Mbarara nikila kwa huyo mama.

Kumbe Deo alifika Juru mchana kweupe, watu wakimwona, akaegemeza ngazi kwenye nyumba yangu akang'oa kishungi. Akawaambia nimepigwa risasi njiani. Mke wangu akanyolewa kichwa. Mama yangu alikuwa anaumwa lakini alikuwa anakula. Aliposikia habari hiyo akageukia ukuta, akakataa hata uji. Niliporudi, kaburi lake lilikuwa limeshaota majani. Kabla ya hapo sikuwahi kumchukia mtu, na tangu hapo sijapumzika kumchukia yule.

Nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Alinijibu huku akitazama watu waliosimama pale, si mimi. "Ndugu yangu, mimi nilisikia umekufa. Nilikuheshimu, ni mila nilifuata." Watu wakamwonea huruma yeye.

Mnadhani iliishia hapo? Nilipotaka kurudi kazini, hakuna aliyenikubali. Kila nyumba niliyokwenda jibu lilikuwa lile lile, kwamba kishungi changu kiling'olewa, mimi ni mtu aliyekwisha kufa, mkono wangu usiguse paa lao nisije nikawaletea msiba. Walinisalimia vizuri, pombe tulikunywa pamoja, harusini walinialika. Paa tu ndilo walilonikataza. Deo akabaki fundi peke yake, hapa kambini na baadaye Mbarara, akiezekea wenye baa na hoteli. Alijenga nyumba ya mabati, na uani akaweka ya nyasi yenye kishungi kirefu, ya kuringia wageni.

Wiki hii amekufa. Jana binti yake alikuja na bodaboda hadi mlangoni kwangu, akapiga magoti.

"Mzee, naomba unisikie. Baba alisema kishungi chake asiguse mtu mwingine. Ni wewe tu."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema wewe unajua."

"Aliomba radhi?"

Binti akaangalia chini. "Hapana, mzee. Alikuwa anarudia jina lako tu."

Jamani! Hata kufa amekufa na kiburi chake. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaniambia mbele ya yule binti, "Mimi nilinyolewa kichwa kwa uongo wa yule mtu. Ukipanda paa lake, usirudi kwangu."

Ningekuwa nimeshamfukuza yule binti kama si jambo moja. Kwa mila yetu mfu hang'oi kishungi cha mtu. Nikipanda ngazi ile mbele ya waombolezaji wote, na wao wakakubali, basi ni Deo mwenyewe ametamka kwamba mimi ni hai. Yule mbwa alilijua hilo. Uhai wangu ameuweka mahali pamoja tu duniani, juu ya nyumba yake, na nikiutaka lazima nimfanyie heshima ya mwisho. Nisipokwenda, watoto wake watakaa na baba asiyeweza kuondoka, na sifichi, hilo linanifurahisha.

Maziko ni kesho. Ngazi yangu ya zamani bado ipo nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake. Nikipanda, Juru nzima itajua sikufa. Mama yangu ndiye pekee niliyetaka ajue, naye aliondoka akiamini nimemtangulia. Ninyi mnaosoma, nishaurini: nipande, au nimwache Deo huko huko juu?