Pikapu Iliyomkataa Nyanya

Juzi nilirudi nyumbani, upande wa Homa Bay, nikaikuta pikapu ya baba palepale nyuma ya ghala, magurudumu yote yameisha upepo. Kuku mmoja mwekundu amefanya kiti cha dereva kuwa mahali pake pa kutagia. Nilifungua mlango wa abiria, nikainama, na pale sakafuni, kwenye zulia la mpira lililopasukapasuka, nikaliona doa la manjano. Nilicheka peke yangu hadi kuku akatoka kwa hasira. Kaa, nikusimulie habari ya doa hilo, maana ndiyo safari tamu kuliko zote nilizowahi kusafiri.

Miaka ile ya tisini pikapu ilikuwa tayari imezeeka. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwa na raha nyingine duniani ila gari lake. Mbele kulikuwa na kiti kimoja kirefu: baba kwenye usukani, nyanya dirishani, nami katikati, magoti yakigonga gia. Nafasi hiyo nisingempa mtu yeyote, hata ndugu zangu walie wapendavyo.

Nyanya, mama yake baba, hakuenda kwa watu mikono mitupu. Tukisafiri naye, lazima tutoke alfajiri na kikapu cha ngege, samaki wa ziwani, wabichi waliofunikwa kwa majani yaliyolowa. Kikapu hakikuwekwa nyuma. Nyuma kuna vumbi, alisema, na samaki wa wakwe hawapelekwi na vumbi. Kilikaa miguuni pake, gari zima likinuka ziwa, na sakafu ikilowa hakuna aliyeuliza. Tulijua ni samaki.

Basi ugonjwa ukaingia. Baba alijaza rejeta asubuhi, na kabla hatujafika mbali mshale wa joto ulikuwa umepanda na mvuke unatoka kwenye boneti. Maji yamekwenda wapi? Chini hakuna hata tone. Baba alitandaza magazeti ya zamani chini ya injini yakalala hapo hadi asubuhi, tukayakuta makavu. Fundi wetu pale Migori alibadilisha kifuniko cha rejeta, akakaza mipira yote, akaigongagonga pampu ya maji huku ameinamisha sikio. Hakupata kitu. Mimi nami nilikuwa nikilala kifudifudi chini ya gari kila jioni nikitafuta, na mama akachoka kufua. Ewe rafiki yangu, nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Watoto wengine walikuwa na mpira wa matambara, mimi nilikuwa na maji yanayotoroka.

Kisha baba akagundua jambo la ajabu. Akienda peke yake, maji hayapungui. Akienda nami, hayapungui. Akienda na nyanya, yanakwisha.

Alipomwambia fundi, yule bwana alipangusa mikono polepole akiwaza. "Mwalimu," akasema, "hii gari haina makosa. Makosa ni ya abiria."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yetu. Baba mdogo, ambaye hakujua kuendesha hata baiskeli, akatoa hukumu kwamba ni uzito wa nyanya pamoja na kikapu chake. Wake wa majirani wakasema gari likimwona tu linapata kiu. Mara ya kwanza nyanya alicheka kuliko sisi sote. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye nikaona mtu akianza tu utani huo, yeye anainuka na kwenda kuangalia mbuzi.

Ndipo habari zikaja kutoka Kegonga. Shangazi, binti pekee wa nyanya, alikuwa ameolewa huko kwa Wakuria, na baada ya miaka mingi ya kungoja hatimaye alikuwa amejifungua. Nyanya alianza kuimba jikoni. Lakini baba mdogo alishauri gari lipeleke mizigo tu, nyanya atafuata siku nyingine kwa njia nyingine. Baba aliogopa kukwama na mama yake kwenye mlima wa Kuria, akakubali. Nyanya alikwenda kulala, na kuimba kukaisha.

Asubuhi ya safari tulimkuta ameketi dirishani, leso mpya kichwani, kikapu miguuni, mlango ameufunga.

"Wuoda," akamwambia baba, yaani mwanangu, "washa gari. Likinikataa, linitupe lenyewe."

Baba akaenda kujaza mitungi ya maji, akaipanga nyuma, nasi tukaondoka. Nilivaa soksi nyeupe mpya kwa heshima ya mtoto na viatu nikavishika mapajani ili maji ya samaki yasiviharibu. Miguu niliiweka juu ya kikapu.

Tulipofika Migori rejeta ilikuwa imeshuka, kama tulivyotarajia. Nyanya alitazama nje. Baba aliingia kwenye duka la rafiki yake mmoja, mtu wa Pwani aliyeuza nguo na viungo, kuomba maji zaidi, akatoka na kipakiti mkononi na mwenye duka nyuma yake.

"Tia hii bizari ya manjano humo kwenye rejeta, mwalimu," alisema mwenye duka. "Ule unga utakwenda wenyewe uzibe palipotoboka. Kwetu twafanya hivyo siku zote."

"Bizari ni ya samaki," nyanya akasema kutoka dirishani.

"Leo, mama, gari nalo lile," mwenye duka akamjibu.

Baba alingoja injini ipoe, akamwaga unga, akaongeza maji. Tukapita Kehancha, tukaanza kupanda. Huko juu kulikuwa na ukungu, na baridi ilikuwa ya kweli, si ile ya kwetu ziwani. Magoti ya nyanya hayakuipenda. Kama alivyofanya tulipotoka nyumbani, na kama kawaida yake katika kila safari ya alfajiri, alisukuma kimkono kidogo chekundu kilichokuwa chini ya deshibodi, hewa ya moto ikaanza kutupuliza miguuni. Nikasinzia.

Nilizinduka nikisikia joto vidoleni. Miguu yangu ilikuwa imeteleza kutoka kikapuni hadi sakafuni, na nilipotazama, soksi zangu zilikuwa za manjano hadi kwenye vifundo.

"Nyanya," nikasema, "samaki wametoa bizari."

Aliinama, akachovya kidole, akanusa. Akachovya tena.

"Simamisha gari," akamwambia baba. "Na uniambie, ni samaki gani hawa wanaotoa maji ya moto?"

Kumbe! Baba alijilaza chali chini ya deshibodi, miguu nje barabarani, nami nikimmulikia kwa tochi. Maji ya injini yalikuwa yakipita kwenye kijisanduku cha hita, nacho kilikuwa kimetoboka. Sisi wa joto la ziwani tulikuwa tumesahau kwamba gari lina hita. Baba hakuigusa kamwe. Nyanya tu, kwa ajili ya magoti yake, ndiye aliyeifungulia maji, nayo yakamwagika miguuni pake, tukawasingizia samaki. Niliruka barabarani nikipiga kelele hadi wachungaji wawili wakaja kuona ni nini.

Baba aliukunja mpira unaopeleka maji kwenye hita, akaufunga kwa kamba ya mpira iliyofungia kikapu. Aliporudi, nyanya alikuwa bado ameketi.

"Basi si mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Baba hakuweza kumtazama. Alivua koti lake, akamfunika nalo magoti, na alilifunga mara kadhaa kabla ya kuridhika.

Tulifika Kegonga bila kuongeza maji. Nyanya alimpakata mjukuu wake, akamtazama sana, kisha akaniita mimi na kuniinua mguu mbele ya wakwe wote wauone ushahidi. Alisimulia kisa hicho kwa Kijaluo, shangazi akakifasiri kwa Kikuria, na kila mara kicheko kilikuja mara mbili, kwanza chetu, kisha cha wakwe. Ngege walikaangwa kwa bizari iliyobaki.

Hita haikutengenezwa kamwe. Hata hivyo, kila safari nyanya aliendelea kukisukuma kile kimkono. Siku moja baba alimkumbusha kwamba hakifanyi kazi.

"Najua," akajibu. "Nalikumbusha tu gari kwamba nimo."

Sasa nyanya hayupo, na baba haoni vizuri kiasi cha kuendesha. Ile harufu ya ziwa imetoka kabisa, ndani ya pikapu kunanuka kuku tu. Juzi, kabla ya kufunga mlango, nilitazama chini ya deshibodi. Kimkono chekundu kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho, upande wa moto, kama nyanya alivyokiacha mwenyewe. Nilimkumbuka sana. Sikukigusa.