Mkono wa Shangazi na Lastiki ya Suruali

Kuna jambo limenikaa kooni. Shangazi yangu ni fundi cherehani. Alipotolewa titi lenye saratani, madaktari walimtoa pia tezi za kwapani, wakampa siku ya kurudi kutolewa nyuzi, basi. Hakuna aliyefungua mdomo kumwambia kwamba mkono wa upande ule unaweza kuvimba.

Ukavimba. Bosi wake akaanza kuutazama zaidi kuliko anavyotazama kazi.

"Dada, sisemi kwa ubaya," akamwambia, "wateja wanaogopa. Hamia stoo, ushone vifungo."

Stoo haina dirisha, na fundi asiyeonana na wateja husahaulika mapema. Shangazi aliomba wiki moja tu mkono upungue, akapewa. Akaukabili kama fundi: nguo ikitanuka, si unaitia lastiki? Akakata lastiki pana ya kiuno cha suruali, akajifunga juu ya kiwiko.

Asubuhi kiganja kimejaa kama unga ulioumuka. Pete ilibidi ikatwe.

Nilimsindikiza hospitali. Mama wa mazoezi ya viungo aliitazama ile alama nyekundu, akashusha pumzi.

"Mama, ukiukanyaga mpira wa kumwagilia bustani katikati, maji yanakwenda wapi?"

"Hayaendi. Yanajaa nyuma."

"Basi ndivyo ulivyojifanyia. Tezi zilikuwa njia ya kutolea maji ya mwili, na sasa njia imepungua. Kinachobana kinatakiwa kianzie kiganjani, kibane zaidi huko chini, kilegee kadiri kinavyopanda."

Akampa soksi ya mkono ya kipimo chake na mazoezi ya kufanya nyumbani. Akamwambia aoshe ngozi, aikaushe na kuipaka mafuta, auinue mkono akipumzika, na asishone bila kastabini, kile kikofia cha kidoleni, maana tundu la sindano ni mlango wa vijidudu. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au homa ikipanda, aje siku hiyo hiyo.

"Mkono utapona?" Shangazi akauliza.

"Hauponi kabisa. Unatulizwa, kila siku."

Nikashindwa kunyamaza. "Kwa nini hakuambiwa alipotoka wodini?"

"Alipaswa kuambiwa, mwanangu."

Alipaswa! Yaani neno moja hilo ndilo fidia ya yote.

Tuliporudi kazini kwake, wiki haijaisha, cherehani yake iko stoo tayari, imerundikiwa majora ya vitambaa. Shangazi hakukaa.

"Naomba cherehani yangu irudi mlangoni."

"Wateja watauliza," bosi akasema.

"Waniulize mimi. Mkono ni wangu, mdomo pia."

Fundi wa suruali, mwanamke mwenzake tunayemwita Mkasi kwa ukali wa ulimi wake, akainuka. "Wifi, lastiki zangu uliiba, sasa na mgongo wangu unautaka?" Akashika upande mmoja wa cherehani, mimi mwingine. Bosi alisimama njiani mpaka mguu wa meza ya cherehani ukamgusa kiatu, ndipo akasogea. Samahani hakuitoa, na mimi sijaisahau.

Mteja wa kwanza alileta gauni la kupunguza. Macho yakamwenda kwenye ile soksi. Bosi akakohoa, kama anayesema si niliwaambia. Yule mama akainama mezani.

"Dada yangu naye mkono wake umevimba, tangu apasuliwe titi. Tumeambiwa tungoje."

Shangazi akaweka mkasi chini.

"Vuta kiti," akasema. "Kwanza niambie, mmeufunga na nini?"