Taja Walio Chini Yako

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kagerankanda, nyumbani kulinuka mihogo iliyovundikwa mtoni. Ninyi wa unga wa dukani zibeni pua. Wenzangu wa rika langu najua mmeshaanza kumeza mate. Kila mama alikuwa na kidimbwi chake kando ya mto, kimezungushiwa mawe, mihogo imefunikwa majani ya mgomba. Maji yalipita kwa huyu yakaenda kwa yule. Mihogo ikilainika tunaianika, tunatwanga, na ugali wake tunaula kwa maharage ya mawese mpaka vidole vinabaki vyekundu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini vidimbwi vile nilivihitimu.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuziba mto. Mimi na pacha wa jirani, Bukuru na Butoyi, tulishindilia matope na migomba kule juu, tukapata bwawa letu. Raha jamani! Tunapiga mbizi, tunajiita mamba. Mara Bi Nyamwiza huyo anapanda mbio kutoka chini, kanga kiunoni, fimbo mkononi.

"Nyie mamba! Mihogo yangu imebaki juani kama dagaa!"

Mamba tukatawanyika vichakani, uchi.

Mama hakunichapa. Alinirudisha pale pale bwawani akasema, "Taja walio chini yako." Nikawataja wenye vidimbwi mmoja mmoja kufuata mto: Bi Nyamwiza, Mama Ndayi, Bibi Sabina, Bi Ntahondi, mpaka Mama Zuhura, mke wa mwenye duka, aliyetoka Ujiji na kuvundika mihogo huku kajifunika pua kwa ushungi. Nikiruka mmoja, naanza upya. Nikimaliza, nabomoa bwawa kwa mikono yangu. Majina yale hayajanitoka. Wenyewe wengi wamelala udongoni, vidimbwi wamewaachia mabinti na wakwe.

Sasa juzijuzi wakaja watu wa bomba. Mji wa Kasulu umekua, una kiu, na vigingi vyao wamevichimbia upande wa juu wa vidimbwi vyote, pale pale palipokuwa na bwawa letu. Ukaitwa mkutano wa kijiji. Kijana wao alikuwa na adabu, akaniamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kiangazi mto huu unakuwa mwembamba kama mkanda. Mkishachota, kwetu kinabaki nini?"

Akakuna kichwa. "Kiangazi, bibi, kitabaki kidogo sana."

"Basi choteni chini ya vidimbwi."

"Huko maji yananuka mihogo, bibi!"

Mkutano ukavunjika mbavu. Butoyi, siku hizi hana jino, akapaza sauti: "Nao waonje!"

Nikasimama na mkongojo wangu. "Mwanangu, kabla ya kuziba, taja walio chini yako." Akageukia makaratasi yake, nikamsaidia. Kila jina nililotaja, binti au mkwe wa marehemu alisimama: "Tupo!" Nilipofika kwa Mama Zuhura, kijana akacheka, akasema taratibu, "Na mama yangu je, bibi? Yuko mjini, anabeba ndoo kutwa."

Hapo nikaketi. Nikamwuliza, "Mama anaitwa nani?"

"Anastazia."

Basi tukaelewana hivi: mdomo wa bomba uinuliwe kutoka sakafu ya mto, ili mto ukipungua maji yapite kwetu kwanza, yakizidi ndiyo yaende mjini. Kijana ameng'oa vigingi, amekwenda kuwaeleza wakubwa zake. Hawajajibu. Tunamngoja, na kina Butoyi wanakwenda kuchungulia pale kila asubuhi.

Enzi zetu mtoto hakuchezea maji bila kujua yanaelekea kwa nani. Wa leo wanafungua koki na kuondoka, maji yanajimwagikia. Jana nilimwuliza mjukuu wangu, "Nani yuko chini yako?" Akainua macho kutoka kwenye simu: "Wanaonifuata mtandaoni, bibi?" Nikampeleka mtoni na simu yake hiyo hiyo. Sasa anawataja wote kwa kufuata mto, na akishamtaja Mama Zuhura anavuta pumzi, anamalizia na Anastazia, ambaye hapa kwetu hakuna aliyewahi kumwona.