Mume ni zimwi, mke ni kifutio

Saa mbili asubuhi, zimwi anakunywa chai ya rangi kwa mrija. Hana njia nyingine, kwa sababu kitambaa cha kijani kimemfunika uso wote na kuacha wazi macho na tundu dogo la mdomo tu. Kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu ni kijani kitupu. Mgongoni amefungwa fimbo inayopanda juu ya kichwa chake, na kwenye ncha ya fimbo imebandikwa mipira miwili midogo ya tenisi ya mezani.

"Hayo ndiyo macho yangu," anasema, akinyoosha kidole juu. "Ukitaka kuongea na mimi, ongea na mipira. Huku chini hakuna mtu."

Mwandishi anajaribu kuongea na mipira. Si rahisi hata kidogo. Mwenye mipira akicheka tu, macho yanateremka yenyewe kumtafuta.

Mwanamume huyu mwenye umri wa miaka arobaini na mbili anafanya kazi katika filamu za familia, zile ambazo mtoto wa kweli anacheza na kiumbe aliyechorwa kwa kompyuta. Mtoto hawezi kuzungumza na hewa, wala kuikumbatia. Lazima awepo mtu wa kusimama mahali pa kiumbe, ampe la kutazama na la kushika. Wakimaliza kupiga picha, mtu huyo anaondolewa, na kiumbe anachorwa pale alipokuwa.

Kazini wanamwita Zimwi. Jina limemganda hata mtaani kwake, na muuza duka humuuliza kama mazimwi nao hununua sabuni.

Anayemwondoa kwenye picha ni mke wake.

Ofisi ya mkewe iko ghorofa ya juu ya jengo hilohilo la studio, chumba chenye mapazia mazito na kompyuta sita. Wenzake wanamwita Kifutio, naye anaitika bila kinyongo. Kabla ya hapo alikuwa katika studio ya picha za harusi.

"Nilianza na chunusi za maharusi," anasema, "nikaishia kwa mume mzima."

Kompyuta huondoa kijani yenyewe, anaeleza, lakini huacha mabaki: kivuli sakafuni, ukijani wa suti unaoakisiwa kwenye shavu la mtoto, vidole vilivyoshikana. Hayo yote huondolewa kwa mkono, na sekunde moja ya filamu ina picha ishirini na nne. Anazipitia moja moja.

"Tukiamka tumenuniana, siku hiyo nafuta haraka sana," anasema, na chumba kizima kinaangua kicheko. Inaonekana si mara ya kwanza kuisikia.

Mumewe hakuitafuta kazi hii. Alikuwa mpagazi katika kampuni ya kuhamisha vyombo vya watu. Siku moja alileta kabati katika ghala hili, ambalo ndilo studio, akalibeba mgongoni peke yake na kupanda nalo ngazi taratibu. Mwongozaji wa filamu alimwona, akamuuliza kama angeweza kutembea vilevile bila kabati. Akatembea. Kesho yake akapimwa suti ya kijani.

Malipo ni ya siku. Siku isiyo na picha haina kitu. Lakini ukimuuliza kinachomnyima usingizi, hataji malipo. Anamtaja binti yake.

Binti huyo ana miaka minane na nyumbani anaitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mwaka jana alilitangazia darasa lake lote kwamba baba yake yumo kwenye filamu. Mwalimu akawapeleka kuitazama. Katika filamu hiyo ya kwanza baba alisimama mahali pa ndege mkubwa mwenye mbawa za fedha, na mbawa, mdomo na mruko vyote vilikuwa vya kompyuta. Watoto walitazama mpaka taa zikawashwa. Baba hawakumwona.

"Walimwambia baba yake ni hewa," anasema mama yake polepole. "Mtoto wangu akarudi nyumbani, akakaa kimya mpaka akalala. Yule! Kimya! Siku hiyo nilikatwa maini, kwa sababu aliyemfuta ni mimi."

Tangu hapo Chiriku hasemi neno juu ya kazi ya baba yake. Filamu hii ya pili ilipoanza, alimwomba mama yake kitu kimoja tu: "Mama, mwachie hata kidole." Mama akamwambia haiwezekani, kidole cha kijani kingeharibu kazi ya watu wengi. Mtoto akashika tama, akasema basi.

Chini ghalani, jiko limejengwa kwa kuta tatu. Lina meza, viti viwili, sufuria zisizowahi kuona moto, na dirisha linalofunguka kwenye kitambaa cha kijani. Leo linapigwa onyesho la mwisho. Zimwi aliyeishi nyuma ya jiko anaondoka, na msichana aliyekuwa rafiki yake pekee anamuaga. Msichana huyo anachezwa na mtoto wa miaka tisa mwenye macho makubwa, ambaye anamwita mwenzake Mjomba Zimwi.

Mjomba anaingia kwa mwendo wake wa kabati. Anafika kwenye kiti. Mkono wake unashuka, unakigonga kiti mara mbili, ndipo anakaa.

"Kata!" anaita mwongozaji, mwanamke mfupi mwenye sauti inayomtangulia. "Kaka yangu, hicho kiti ni chako. Umekikalia miaka mia mbili. Unakibishia hodi ya nini?"

"Samahani, dada. Mkono umekwenda wenyewe."

Wanarudia. Mkono unakwenda tena. Mara ya tatu anauficha wa kulia nyuma ya mgongo, na wa kushoto unafanya kazi ya mwenzake. Mafundi taa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwongozaji hacheki, maana machozi ya mtoto hayaagizwi dukani, na mtoto ameanza kupiga miayo.

Tabia hiyo ina historia. Enzi za upagazi alikalia kiti cha mteja apumzike, mguu wa kiti ukavunjika, akaangukia kiuno. Alilala chali wiki tatu. Tangu hapo hakai popote bila kukigonga kwanza kiti, iwe nyumbani, hospitalini au kwa wakwe. Hata katika filamu hii amekwisha gonga katika kila onyesho alilokaa, na mkewe alikwisha pewa maagizo kwamba kugonga huko kote kuondolewe, zimwi achorwe akikaa kama mwenye nyumba.

"Nimeshazoea," anasema akisubiri taa zirekebishwe. "Mimi naondoka, tabia yangu nayo inaondoka. Tunafuatana."

Mara ya nne anajikaza kisabuni. Anaingia, anafika kwenye kiti, mikono ameining'iniza ubavuni. Kiuno kinaanza kushuka.

Hapo mtoto anafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Anainuka, anaizunguka meza, anakigonga kiti cha zimwi mara mbili kwa kiganja chake kidogo, kisha anarudi mahali pake, na zimwi, aliyekuwa amebaki ameinama nusu, anakaa. Mtoto anainua macho mpaka kwenye ile mipira miwili. Machozi yanamtoka, anaanza kuaga.

Hakuna anayesema kata. Fundi sauti ameinamisha kichwa. Maneno ya kuaga yanakwisha, zimwi anaondoka, na mwongozaji bado ameziba mdomo kwa mkono.

"Mwanangu," anauliza baadaye, akichutama mbele ya mtoto, "mbona ulikigonga kile kiti?"

"Mjomba alisahau," anajibu mtoto, akifuta pua. "Alishaniambia alianguka siku moja. Nikamgongea, asije akaanguka tena."

Mwongozaji anakuna kichwa, anatembea mpaka ukutani na kurudi. Kisha anapiga simu ghorofani. Anayesikiliza upande wa pili ni Kifutio.

"Kule kugonga kwake usikuguse," anamwambia. "Zimwi agonge kila anapokaa, tangu mwanzo wa filamu. Vinginevyo watu hawatajua mtoto anafanya nini pale mwisho. Wachoraji nao waambie wafuate mkono wa mzee wako hivyohivyo ulivyo."

Ghorofani, mke anaweka simu chini. Halafu anasema kwa sauti, kama anayejiambia mwenyewe, "Haya, huyu leo amenishinda."

Wiki iliyofuata ni likizo ya shule. Mwandishi anamkuta Chiriku ofisini kwa mama yake, ameletwa kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki naye. Ameshika tama. Mama anamwita aje kuona kitu, naye anakuja kwa kujivuta.

Kwenye kioo, baba hayupo. Mama amemwondoa vizuri, hata kivuli. Mahali pake yupo zimwi ambaye hajakamilika, mkubwa, wa kijivu, bado hana manyoya wala rangi. Anaingia jikoni kwa mwendo mzito. Anafika kwenye kiti. Mkono mkubwa wa kijivu unashuka, unagonga mara mbili.

Chiriku anauondoa mkono wake shavuni.

"Huyo baba."

"Baba nimeshamfuta, mama," anasema mama yake. "Nimemfuta mwenyewe."

"Mama, huyo baba! Rudisha."

Mama anarudisha. Mkono unashuka, unagonga. Chiriku anacheka kwa sauti, anadai tena, na tena, na wenzake mama wanaacha kazi zao kumtazama mtoto badala ya zimwi. Mama anageukia dirisha, anarekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Machoni ana machozi, na hayafichi vizuri.

Ndipo mlango unafunguliwa. Baba ameingia na shati lake la kawaida, ametoka kuuliza ratiba ya wiki inayokuja. Anawasalimu, anavuta kiti, anakigonga mara mbili, anakaa. Chumba kizima kinalipuka kwa kicheko. Anatazama huku na huku.

"Nimefanya nini tena?"

Binti yake amekwisha kumrukia mapajani na anaongea mfululizo, mwaka mzima wa maneno kwa mkupuo mmoja.

Zimwi anasema angependa kufanya kazi hii mpaka kiuno kikatae. Mkewe anatumaini siku moja naye atachora badala ya kufuta, na ameanza kujifunza kwa wachoraji saa za mapumziko. Filamu inatarajiwa kuonyeshwa muhula ujao, na darasa la Chiriku litapelekwa kama mwaka jana.

Je, safari hii atawaambia nini wenzake?

"Siwaambii kitu," anasema Chiriku. "Nitanyamaza mpaka filamu iishe."

Baba yake anamtazama kwa mashaka. Kunyamaza si fani ya mtoto huyu.

"Nitanyamaza kweli, baba. Halafu nitamwomba mwalimu akuite darasani, mbele ya wote." Anafikiri kidogo, miguu ikining'inia. "Akupe kiti tu."