Kinu Juu ya Kipima Tetemeko

Niliondoka Mapinga Jumatatu asubuhi kwa sababu mdogo wangu Mwanaidi alikuwa karibu kupoteza kibarua chake, na kosa lilikuwa langu. Wataalamu wa matetemeko walizika chombo shambani kwake, Makurunge, wakakifunika kwa zege na kumwajiri akilinde. Nilipomtembelea baada ya mavuno niliona lile zege ni tambarare, nikamshauri ahamishie kinu chake hapo. Alisita. Nikamwambia mimi nimesoma sekondari. Sasa walitaka kukiondoa chombo, maana kilionyesha tetemeko kila asubuhi.

Bagamoyo nilishuka stendi, nikachukua bodaboda. Njiani nilipanga maneno mengi ya kujitetea. 

Nyumbani kwa Mwanaidi nilimkuta mtaalamu, binti wa umri wa wajukuu zangu, ameketi barazani na kompyuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Niambie kwanza majina ya vitu hivi, nisikosee tena."

Akanieleza: kilichozikwa ni seismomita, huhisi ardhi inapotikisika, mtambo unaochora ni seismografu, michoro yenyewe ni seismogramu.

"Mimi nakiita sikio," alisema Mwanaidi.

Binti akanionyesha mistari iliyoruka juu na chini. "Hii ni alfajiri ya jana. Majirani wote wanasema hawakuhisi kitu."

Mwanaidi alikunja pindo la kanga yake. Alikuwa hajamwambia habari za kinu, wala hajanitaja.

"Ni kinu," nikasema. "Anatwanga juu ya zege. Mimi ndiye niliyemwambia."

Binti akaomba tuhakikishe. Mwanaidi akashika mchi, akatwanga. Mistari ikaruka. Jirani aliyekuwa akipita akasimama.

"Bi Mwanaidi, unatwanga saa hizi? Una wageni?"

"Nina mtihani."

Tukakibingirisha kinu hadi nyuma ya jiko, ng'ambo ya shamba. Akatwanga tena, mistari ikatulia. Binti akafunga kompyuta, akasema chombo kitabaki na mlinzi wake atabaki.

Jioni Mwanaidi alinisindikiza hadi barabarani.

"Karibu tena, kaka. Ila ukiona mahali pazuri pa kuweka kitu, nyamaza."

Nikaitikia. Ndani ya basi la kurudi nilikuwa nimejifunza jambo moja: chombo kile hakikuwahi kudanganya. Ardhi ya Makurunge ilitikisika kweli, kila asubuhi, kwa ushauri wangu.